Kabla ya kufunga geti, fungua daftari la mahudhurio
Walimu wakuu wenzangu, hasa wa Newala na Tandahimba huku Mtwara: kabla hujaweka sheria mpya ya wachelewaji, kaa na daftari la mahudhurio la mwaka jana na kalamu nyekundu. Mimi nilikimbilia kufunga geti saa moja na nusu. Wachelewaji waliisha kweli, kwa sababu walikuwa hawaji kabisa! Tatizo nililihamisha tu, kutoka getini hadi safu ya watoro.

Nilipozungushia majina ya wachelewaji, mengi yalikuwa ya kitongoji kimoja, na yaliongezeka kuanzia Septemba. Ndio msimu wa korosho. Halafu huku juu, kwenye uwanda wa Makonde, maji ni ya kuhangaikia, kiangazi foleni ya ndoo inaanza alfajiri. Geti lingefanya nini hapo? Nikamwita mwenyekiti wa kitongoji na kina mama wawili, tukachora kwenye karatasi ya manila: maji, korosho, uji, kipindi cha kwanza, na mishale ya kipi kinavuta kipi. Tulichobadilisha ni kidogo, hisabati ikahamia baada ya uji. Ukishabadilisha chako, rudi kwenye daftari lilelile baada ya wiki tatu, si kesho yake.