Jinsi ya kupata bia nzuri ukiwa unaishi ugenini kwenye nchi ya joto

Ukihamia nchi ya joto, iwe kikazi au kimasomo, wiki za mwanzo unavumilia tu, halafu siku moja unaingia dukani unaiona bia ya kwenu imepangwa kwenye rafu, moyo unaruka, unabeba bila hata kuuliza. Mi nilifanya hivyohivyo. Nikanunua chupa sita, nikazilaza kwenye friji usiku kucha, kesho yake nikafungua moja nikaimimina kwenye glasi. Povu likapanda kidogo likazama, rangi imekolea kuliko nilivyokuwa naijua, na nilipoonja nikakutana na ladha ya boksi lililolowa maji halafu nyuma yake utamu mzito kama asali iliyokaa sana. Nikafungua ya pili, vilevile. Nikajua nimeuziwa feki. Kumbe haikuwa feki, ilikuwa bia halali kabisa ila imeshauawa na joto kabla haijanifikia.

Kilichotokea kwangu kinawatokea watu wengi na wengi wanaishia kusema nchi hii haina bia nzuri. Bia nzuri ipo, ila tunaitafuta kwa jina badala ya kuitafuta kwa hali yake.

Bia inachakaa kama chakula kingine chochote. Ile oksijeni kidogo iliyobaki ndani ya chupa inaila ladha polepole, na joto ndo linaongeza kasi. Watengeneza bia wana kanuni yao wanaiita 3-30-300, yaani bia iliyokaa siku 3 kwenye joto la nyuzi 32 inachoka karibu sawa na iliyokaa siku 30 kwenye nyuzi 22, au iliyokaa siku 300 kwenye ubaridi wa nyuzi 3. Hebu irudie kuisoma hiyo. Siku tatu tu. Sasa fikiria chupa iliyopandishwa meli, ikakaa kwenye kontena la chuma juani bandarini ambako humo ndani nyuzi 40 zinapitwa kirahisi, ikaenda ghala lisilo na ubaridi, ikapanda lori, ikafika dukani ikawekwa rafu ya juu karibu na bati, halafu wewe unakuja kuilipia bei kubwa kwa sababu imetoka mbali. Hapo unalipia umri na nauli.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ukifika nchi ngeni ni kujua nini kinatengenezwa hapohapo. Soma lebo ya nyuma, utaona imeandikwa imetengenezwa wapi, na utashangaa maana bia nyingi zenye majina makubwa ya kigeni zinatengenezwa kwa leseni kwenye viwanda vya nchi husika, jina la mbali lakini imetoka kiwandani wiki chache tu zilizopita. Hiyo ni bora kuliko ileile iliyovuka bahari. Na lager ya wenyeji, ile bia nyepesi ya rangi ya dhahabu, usiidharau. Lager inataka ubaridi wiki kadhaa wakati inaiva, zamani watu walitegemea barafu ya asili na mapango, mpaka mhandisi Mjerumani Carl von Linde alipotengeneza mashine zake za kupoza miaka ya 1870, moja ya mwanzo kabisa ikafungwa kwenye kiwanda cha bia Munich, ndo baadaye ikawezekana kutengeneza lager safi hata kwenye mstari wa ikweta. Kiwanda cha kisasa cha nchi ya joto kina vifaa vilevile. Tatizo huwa linaanza bia ikishatoka getini.

Utasikia wageni wanalalamika kwamba bia za huko zimewekwa mchele au mahindi au mtama kwa hiyo si bia. Mi sikubaliani kabisa. Nafaka hizo zinaifanya bia iwe nyepesi na kavu, na kwenye jua kali hicho ndo kinywaji unachokihitaji. Nigeria ilipopiga marufuku kuingiza shayiri na kimea mwaka 1988 viwanda vyao viligeukia mtama na mahindi na bia ikaendelea kunyweka. Onja kwanza ndo useme.

Sasa tarehe. Tafuta shingoni mwa chupa, pembeni mwa lebo, au chini ya kopo, kuna maandishi madogo ya wino ambayo mara nyingi yamefutika nusu, igeuze kwenye mwanga uyasome. Kuna viwanda vinaandika siku ya kutengenezwa na vingine vinaandika mwisho wa matumizi tu, usichanganye. Ikiwa ni mwisho wa matumizi jua kwamba viwanda vingi vinatoa miezi sita mpaka mwaka, kwa hiyo bia iliyobakiza mwezi mmoja ni ya zamani hata kama bado ni halali kuuzwa. Kwa nchi ya joto mi nachukua isiyozidi miezi mitatu tangu itoke kiwandani, na kama ni ya uchungu mwingi aina ya IPA nataka changa zaidi ya hapo, kwa sababu harufu ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu wake, ndo ya kwanza kukimbia na ikishakimbia unabaki na uchungu mtupu.

Mwanga nao usiusahau. Ule uchungu wa hopsi ukipigwa na jua unazaa kemikali yenye salfa, bia inatoa harufu kama mpira ulioungua, na haihitaji siku nzima, dakika chache za jua kali kwenye chupa nyeupe, yaani isiyo na rangi, zinatosha. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani inazuia kidogo sana, nyeupe haizuii kitu labda kiwanda kiwe kimetumia hopsi zilizoandaliwa maalum kwa ajili hiyo. Kopo linazuia mwanga wote. Ndo maana nikiwa ugenini na sijui duka limeitunzaje bia yake nachukua kopo, na wanaosema kopo linaleta ladha ya chuma wajaribu kumimina kwenye glasi maana ndani ya kopo kuna utando unaoitenga bia na chuma.

Duka lenyewe ulisome kama unavyosoma bucha. Ukiingia tazama kreti zimepangwa wapi. Zikiwa nje barazani jua linazipiga, geuka uondoke hata kama bei inavutia. Friji za kioo zenye taa kali siku nzima nazo si salama kwa chupa za kijani, chukua ya nyuma kabisa iliyofichwa na wenzake. Gusa chupa, na muulize muuzaji swali moja tu, bia gani inaisha haraka hapa? Hilo swali limenisaidia kuliko ushauri wote niliowahi kupewa. Bia inayoisha haraka ni bia mpya, mzigo unakuja kila wiki, haipati muda wa kuzeeka. Ile ya kifahari iliyokaa kwenye rafu mpaka ina vumbi mabegani, iache hapohapo.

Na kuna jambo watu wanalishikilia sana kwamba bia ikishapoa ikapata moto halafu ikapozwa tena ndo imeharibika. Si kupoa na kupata moto kunakoiharibu, ni jumla ya muda iliokaa kwenye joto. Ikipoteza ubaridi saa moja njiani ukairudisha kwenye friji haina shida. Ikishinda mchana kutwa kwenye buti la gari juani hiyo ina shida, kwa hiyo siku ya kununua beba boksi la kuhifadhia baridi au hata mfuko mnene wenye barafu, na bia iwe kitu cha mwisho kununua kabla ya kurudi nyumbani.

Kwenye baa ni habari nyingine. Bia ya bomba ikiwa imetunzwa inaweza kuwa ndo bora kuliko zote mjini, na isipotunzwa ndo mbaya kuliko zote. Mipira inayoleta bia kutoka kwenye pipa inatakiwa kusafishwa kama kila wiki mbili, na kwenye joto uchafu unakua haraka zaidi. Utaijua kwa kunusa. Harufu ya siagi au ya siki ambayo hiyo bia haina kawaida yake, maana yake mipira ni michafu au pipa limekaa sana. Mi naomba nionjeshwe kidogo kabla ya kuagiza glasi nzima, na sehemu inayojali hawanuni. Tazama na glasi pia, ukiona mapovu yamenata ukutani kwenye bia basi glasi ina mafuta au sabuni, na ukiona kila funda unalokunywa linaacha mstari wa povu kwenye glasi hapo wanaosha vizuri. Kama pipa halitoki haraka kwenye baa hiyo, agiza ya chupa au ya kopo usijisumbue.

Ukitaka bia nzito kuliko lager, tafuta stout kali, ile bia nyeusi ya kimea kilichokaangwa. Watu wanashangaa stout na joto vinapatana vipi, lakini vina historia ndefu. Guinness wa Ireland walikuwa na bia nyeusi waliyoiita West India Porter tangu 1801, waliitia hopsi nyingi na kilevi zaidi ili ivumilie safari ya bahari mpaka Karibi, na ndo iliyozaa Foreign Extra Stout ambayo sehemu nyingi ina kilevi cha asilimia 7.5. Sri Lanka wana Lion Stout yenye asilimia 8.8. Bia za namna hii zinavumilia umri kuliko lager, kimea kilichokaangwa na kilevi vinaibeba, kwa hiyo ikibidi ununue kitu kilichosafiri au kilichokaa kidogo, chukua hiyo. Ila inywe taratibu jioni jua likishazama, maana mwili ukiwa umeshatoka jasho mchana kutwa pombe inakukausha zaidi, inaufanya mwili umwage maji kwenye mkojo, basi glasi ya maji pembeni iwe kawaida yako.

Kabla ya yote hayo ulizia sheria. Kuna nchi kama Kuwait pombe imekatazwa kabisa, na kuna nchi sheria inabadilika ukivuka mpaka wa jimbo tu, kwa mfano India ambako Gujarat na Bihar hawaruhusu wakati majimbo jirani yanauza. Kwingine utahitaji kibali, au inauzwa hotelini tu, au kuna siku na saa za kuuza. Waulize uliowakuta pale, wageni wenzako na wenyeji, na usijaribu kubeba chupa kwenye begi uwanja wa ndege kabla hujajua. Bia haina thamani ya kulala mahabusu ugenini.

Ukishaifikisha nyumbani iweke friji sehemu ya nyuma, chupa zisimame wima, usiziache juu ya kabati jikoni. Ukiwa na haraka usiitupe kwenye friza ukaisahau, bia ya kawaida inaanza kuganda kwenye nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri na chupa inapasuka. Chukua ndoo, weka barafu, mimina maji mpaka vifunike, tupia chumvi viganja viwili vitatu, zungusha kopo humo ndani. Maji yanalishika kopo pande zote, chumvi inashusha joto la maji chini ya sifuri, dakika kumi hadi kumi na tano umeshamaliza. Usiipoze kupita kiasi pia. Lager inanoga kwenye nyuzi 4 mpaka 7, stout mi naitoa friji mapema ifike kama 10, maana ubaridi mkali unaua ulimi na hutajua unakunywa nini, na kusema kweli bia iliyoharibika inajificha hukohuko kwenye ubaridi mkali.

Hilo la kujificha ndo lilinipa jaribio ambalo nalifanya kila nikihamia mji mpya. Nanunua bia ileile moja kwenye maduka mawili tofauti, nazipoza pamoja, namimina kwenye glasi mbili zilizooshwa sawa, halafu naziacha mezani robo saa zipungue ubaridi ndo naonja moja baada ya nyingine. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, glasi ya kulia ilikuwa na harufu ya mkate na majani mabichi, uchungu unakata vizuri mwishoni, na ya kushoto ilikuwa nzito, tamu, ina lile boksi lililolowa, wakati lebo ni ileile na tarehe zinapishana wiki mbili tu. Ya kulia ilitoka kwenye kaduka kadogo ambako jamaa anaweka kreti zake chumba cha nyuma chenye giza na anapokea mzigo kila Jumanne. Sa hivi naenda kwake Jumanne jioni.