Kwenye basketi, utajuaje pointi gadi wako (yule anayeongoza mashambulizi ya timu) kaiva kushuti akibanwa, au ni zali tu?

Wengi wanachukua asilimia ya pointi tatu (shuti za mbali anazofunga) ya mwezi huu, wanalinganisha na ya mwezi uliopita, afu wanatangaza dogo kaiva. Ngoja kwanza. Gadi ambaye uwezo wake halisi ni asilimia 36 akirusha mara 25 unategemea afunge 9, ila akifunga 6 au 12 bado hakuna kilichobadilika, na 6 ni asilimia 24 wakati 12 ni asilimia 48, yaani huyu mtamzomea na yule mtamwita moto kumbe ni mtu yule yule. Hata akifikisha shuti 100, asilimia yake kupanda au kushuka kwa tano ni kawaida kabisa.

Kwa hiyo acha asilimia ya jumla, chukua video za mechi. Simamisha picha pale mpira unapotoka mkononi afu mtazame beki. NBA, ligi kuu ya Marekani, wanapima umbali wa beki kwa futi: chini ya 2, 2 mpaka 4, 4 mpaka 6, halafu 6 na kuendelea. Wewe huna kamera zao, tumia mkono wa beki: akiunyoosha anaugusa mpira au anakaribia? Hiyo kabanwa. Kama yuko mbali usiiweke kwenye hesabu ya presha hata kama uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele. Andika pia kama alipasiwa akarusha hapo hapo au alidribo akajitengenezea mwenyewe, manake za kujitengenezea ni ngumu zaidi, na akiletewa mwenzake anayejua kugawa mpira asilimia itapanda bila yeye kujifunza chochote. Zile za kulazimishwa saa ya sekunde 24, muda timu iliopewa kurusha, inaisha ziweke pembeni.

Sasa kitu ninachokiamini mimi kuliko namba zote: skrini. Mwenzake akimwekea skrini, yaani akisimama kumzibia beki njia, beki wake anapita wapi? Akipita chini, upande wa kikapu, anamwambia "rusha tu baba, hatuogopi". Akipita juu, upande wa gadi mwenyewe, huku kamganda, au yule mrefu anayemkaba mweka skrini akapanda kumzuia, ujue ameshaogopwa. Kama mwanzo wa msimu walikuwa wanapita chini na sasa wanapita juu, basi makocha wa timu pinzani wamekufanyia uchambuzi bure, na hapo usishangae asilimia ikashuka kidogo, si zile za kuachiwa zimeisha! Asilimia ikibaki pale pale wakati mabeki wamesogea, huko ndiko kuimarika kwenyewe.

Angalia na anavyokosa. Mpira ukigonga mbele ya ringi kila mara mwishoni mwa mechi, mara nyingi ni miguu imechoka, hiyo inatibika. Ukienda kushoto, kulia, kushoto, basi mkono au mwili unapinda beki akimjia, hapo bado sana. Miguu nayo: akibanwa anaruka wima au anaanguka nyuma?

Halafu hesabu zile alizokataa, karibu kila mtu anazisahau. Yuko wazi, anaangalia ringi, anapasia. NBA presha ya mwisho wanaihesabu dakika 5 za mwisho timu zikiachana pointi 5 au pungufu, na kwa gadi mmoja shuti za hapo huwa chache mno kutoa asilimia ya maana, kwa hiyo we angalia anarusha au anakimbia.

Usikate tamaa mapema lakini. Jason Kidd alianza NBA 1994 shuti lake likichekwa, akaja kustaafu 2013 akiwa wa tatu kwenye historia ya ligi kwa pointi tatu alizofunga.

Za mazoezini bila beki hazihesabiki. Mwekee mtu wa kumkimbilia, tena mwishoni akiwa kachoka, afu andika kwa daftari lile lile na vipimo vile vile.