Namna ya Kupima Ukuaji Wako katika Uandishi wa Barua za Kikazi

Mtu anayeandika barua za ofisi kila siku hupata shida kutambua kama uandishi wake umekua, kwa sababu barua ikishatiwa sahihi na kupelekwa husahaulika, wala hakuna anayemrudishia ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu kama ilivyokuwa shuleni. Ndiyo maana wengi wetu, tukitakiwa kujaza fomu ya tathmini ya mwaka, huandika kwamba tumeboresha stadi za mawasiliano bila kuwa na ushahidi wowote mkononi. Ushahidi huo upo, ila umelala kwenye majalada.

Anza kwa kuutoa huko. Fungua folda ya barua pepe zilizotumwa, au omba masijala wakupatie nakala, kisha chagua barua sita au saba: mbili za mwanzo wa kazi yako, mbili tatu za katikati na mbili za hivi karibuni. Usichague zile unazojivunia peke yake. Inafaa zaidi ziwe za aina moja, kwa mfano za kudai malipo, kwa kuwa ukilinganisha dokezo la ndani na barua ya kumwomba radhi mteja, hutajua kama tofauti imetokana nawe au na jambo lenyewe.

Zichapishe, uzisome kwa sauti huku umeshika penseli. Hatua hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, kwa hiyo nitaionesha kwa barua yangu mwenyewe, niliyoiandika nilipokuwa ofisa mauzo mpya katika kampuni ya kuuza mabati. Chini ya "YAH: MADAI" niliandika hivi:

"Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Napenda kuchukua nafasi hii kukushukuru kwa ushirikiano mzuri ambao umekuwa ukiuonesha kwa kampuni yetu. Aidha, imebainika kwamba kuna kiasi cha fedha ambacho bado hakijalipwa, hivyo unaombwa kulishughulikia suala hili haraka iwezekanavyo."

Niliposimama na penseli kwenye neno "imebainika", nilijiuliza: imebainika kwa nani? Kiasi gani, na cha mzigo wa lini? Tena "haraka iwezekanavyo" kwa mwenye duka anayesubiri wateja wake wauze mavuno inaweza kuwa miezi mitatu, naye asiwe amekosea. Mteja yule alinipigia simu kuuliza mambo hayo hayo ambayo barua ilipaswa kumweleza. Miaka kadhaa baadaye, dai la namna hiyo niliandika hivi:

"Tunashukuru kwa kuendelea kununua kwetu. Tunaomba utulipe Sh. 1,840,000 za mabati 80 uliyoyachukua tarehe 4 Machi, kabla ya tarehe 30 Aprili. Ankara imeambatishwa, ukiona hesabu ina kasoro, tafadhali nijulishe wiki hii."

Angalia kwamba shukrani imebaki. Wapo wanaodhani kukua ni kufupisha tu, wakaondoa salamu na shukrani zote, na barua waliyomwandikia mteja mwenye umri wa mzazi wao ikasomeka kama amri ya askari. Kwa maoni yangu huko ni kurudi nyuma, kwa sababu adabu katika Kiswahili ni sehemu ya ujumbe wenyewe. Kilichohitaji kuondoka ni maneno yaliyokuwa yakimficha mwandishi.

Baada ya hapo tafuta majibu ya kila barua na uhesabu maswali aliyorudisha mpokeaji. Maswali yakipungua kutoka barua za zamani hadi za sasa, una jambo la kueleza. Yakibaki palepale, sentensi zako huenda zimependeza bila kueleweka zaidi. Muulize pia katibu muhtasi, maana yeye husoma barua za watu wote na anajua ni zipi zinazorudi.

Sasa andika tafakuri, yaani maelezo ya jinsi uandishi wako ulivyobadilika; ukurasa mmoja unatosha. Usiseme "nimeboreka". Nukuu sentensi ya zamani, weka ya sasa chini yake, kisha eleza ni nini kilichokubadilisha: bosi aliyekukatia aya nzima, mteja aliyekasirika, au mwenzako uliyeiga mtindo wake. Bakiza nafasi ya udhaifu ambao bado unao, nao uuthibitishe vilevile. Wa kwangu ni kwamba habari mbaya, kama kuchelewa kwa mzigo, bado naisukuma hadi aya ya mwisho. Nimeliona hilo katika barua mbili kati ya saba nilizosoma. Nimeziwekea alama barua hizo mbili na kuzirudisha kwenye jalada pamoja na ukurasa wangu, ili baada ya miezi sita nianzie hapo.