Somo: Kuongoza matembezi ya siku moja milima ya Uluguru

Somo hili la chama chetu cha matembezi ni la wanaojiandaa kuongoza kundi la watu 10 hadi 16 kutoka Morogoro mjini, kupanda Uluguru na kurudi siku hiyohiyo. Tunachukua mfano wa Morningside, ile nyumba ya enzi za Wajerumani iliyo juu ya mji, kwa kuwa wageni wengi huanzia huko. Kanuni inayobeba mengine yote ni kwamba kundi linatembea kwa mwendo wa mtu wa mwisho. Muda, maji, mapumziko na saa ya kugeuza vipimwe kwake, si kwa kijana aliyetangulia.

Hatua ya 1: Ipite njia kabla ya kundi

Wiki moja kabla ya safari, watu wawili waipite njia yote, waanze saa ileile kundi litakayoanza. Waandike daftarini muda wa kila kipande, kila njia panda, kila kijito, na mahali penye kivuli panapotosha watu 15 kukaa bila kukanyaga mazao ya mtu. Waandike pia sehemu ya juu kabisa ambako pikipiki inafika. Hiyo ya mwisho husahaulika sana, na ndiyo itakayohitajika siku mtu akiteguka mguu.

Ramani ya simu haitoshi. Mvua moja kubwa huondoa daraja la magogo, na mkulima akipanua shamba lake njia huhamia pembeni. Ipakue ramani kabla ya kutoka nyumbani, kwani mtandao hupotea mabondeni, lakini daftari ndilo litakaloongoza.

Siku hiyohiyo malizeni mambo ya ruhusa. Pitieni ofisi ya mtaa au kijiji mtakamopita mkaeleze mnakuja lini na mko wangapi. Juu ya mashamba unaanza msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mkitaka kuingia humo, au kuendelea hadi kilele cha Bondwa kwenye minara ya mawasiliano, ombeni kibali mapema na mwende na mwongozaji. Ada ziulizwe ofisini, zisichukuliwe kwenye tangazo la mwaka jana.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya muda kwa kalamu

Mji uko kwenye mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, na Morningside iko juu ya mita 1,200. Mwinuko huo ndio unaochosha kuliko umbali, kwa hiyo uhesabiwe peke yake. Tuseme njia uliyopima ina kilomita 12 kwenda na kurudi, na kupanda mita 700:

Kilomita 12 kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa ni saa 3. Ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda, ambazo ni dakika 70. Mapumziko ya dakika 10 kila baada ya saa moja ya kutembea yanafika dakika 40. Chakula dakika 40. Jumla ni saa 5 na nusu. Mkianza saa 1 kamili asubuhi, mnarudi saa 6:30 mchana.

Sasa ongeza theluthi moja ya akiba, yaani saa 1 na dakika 50. Huo ndio muda wa kuwatangazia watu na familia zao: saa 8:20 mchana. Akiba hii ni ya kiatu kilichoachia soli, mvua ya ghafla na mtu anayeshuka pole kwa sababu ya magoti. Kiongozi anayeikata ili watu wengi wajiandikishe ndiye atakayewashusha gizani, maana huku kwetu jua likizama mwanga haukawii kwisha.

Kisha weka saa ya kugeuza. Kwa hesabu hiyohiyo, kundi linapaswa kufika juu kama saa 4 kamili. Saa ya kugeuza iwe saa 5 kamili. Ikifika, mnageuka popote mlipo, hata kama nyumba inaonekana pale mbele. Itangazeni kabla ya kuondoka ili isiwe jambo la kujadiliwa mlimani watu wakiwa wamechoka.

Hatua ya 3: Mzigo wa kila mtu

Maji lita 2 hadi 3. Kipimo cha kuanzia ni nusu lita kwa saa, na zaidi jua likiwa kali. Chupa mbili za lita moja na nusu ni bora kuliko dumu moja, kwani likipasuka umebaki bila maji. Chakula kisichoharibika kwa joto: viazi vitamu na mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga, chapati kavu. Wali wa nazi uliofungwa alfajiri huwa umeanza kuchacha mchana, uacheni nyumbani.

Viatu viwe na soli yenye meno. Udongo mwekundu wa Uluguru ukilowa huteleza vibaya, na raba zilizolainika chini hazishiki, sembuse yeboyebo. Viatu vipya navyo visianzie mlimani. Vivaliwe mitaani wiki mbili kwanza, la sivyo malengelenge yatatokea kisiginoni kabla ya saa ya pili. Suruali ndefu na soksi za kuvutwa juu zinakinga siafu, kupe na upupu. Koti la mvua libebwe hata kiangazi, na tochi hata kama mnatarajia kurudi mchana.

Mkoba wa huduma ya kwanza ni mmoja wa kundi, na aubebe mtu wa nyuma, kwa sababu mwenye shida huwa yuko nyuma. Uwe na glavu, gozi, plasta, bendeji mbili pana za kuvuta, mkasi, kitambaa cha pembetatu, dawa ya maumivu na pakiti nne za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganywa na maji). Andikeni ndani ya kifuniko namba 112 ya dharura na 114 ya Zimamoto na Uokoaji.

Hatua ya 4: Asubuhi ya safari

Wageni wa kutoka Dar es Salaam wafike jioni ya kuamkia safari. Treni ya mwendokasi imerahisisha kuja, lakini mtu aliyeamka usiku wa manane kuwahi stesheni hapandi vizuri.

Mpe kila mtu namba, 1 hadi wa mwisho. Hesabu ya kundi ni watu kutaja namba zao, si kiongozi kuonyesha kwa kidole, kwani anayehesabu vichwa hujisahau mwenyewe au humhesabu mpita njia. Uliza faraghani, si mbele ya watu, kuhusu pumu, kisukari, presha, kifafa na mzio wa nyuki, na mwenye dawa aonyeshe ilipo kwenye begi lake. Mtu mmoja aliyebaki mjini awe na orodha ya majina, njia na ile saa 8:20. Kundi lisiporipoti hadi saa 9, aanze kupiga simu.

Hatua ya 5: Njiani

Anzeni polepole kupita mnavyotaka. Dakika 20 za kwanza kila mtu aweze kuongea sentensi nzima bila kuhema. Wanaoruka mwanzoni ndio wanaokaa chini katikati ya mlima.

Mbele awe anayeijua njia, nyuma awe mzoefu mwenye subira ambaye hampiti yeyote. Watu wawili wanaotembea taratibu wawekwe mara tu baada ya kiongozi. Wakiwa mbele, wanapanga mwendo wenyewe na wanapata moyo. Wakiwa nyuma, wanakimbizana siku nzima na migongo ya wenzao.

Hapa ndipo viongozi wengi wapya huharibu. Wa mbele hufika penye kivuli, hupumzika dakika 10, na yule wa mwisho akitokea tu wanasimama: "Haya, twende!" Waliochoka kidogo wamepumzika, aliyechoka zaidi hajapumzika hata kidogo. Mkirudia hivyo mara nne amekwisha, na mtasema hana mazoezi. Dakika 10 zianze kuhesabiwa pale mtu wa mwisho anapoketi.

Kwenye njia panda, kiongozi asiendelee mpaka amwone wa nyuma kwa macho yake. Anayejisaidia aache begi lake njiani upande aliokwenda, na wa nyuma amsubiri. Kujisaidia kuwe hatua 70 kutoka kwenye kijito, kwenye shimo la kina cha kiganja kilichonyooshwa, na karatasi irudi mjini kwenye mfuko. Maji haya wananywa watu wa chini, na mito ya Uluguru ndiyo inayolisha Ruvu, unaotegemewa na Dar es Salaam.

Njia inapita uani kwa watu na katikati ya migomba na maharage yao. Pigeni hodi, wazee waamkiwe shikamoo, tembeeni mstari mmoja, na picha ziombwe kwanza. Watoto msiwagawie pipi. Mkitaka kuacha kitu kijijini, nunueni ndizi au mboga wakati wa kushuka, kwa bei waliyotaja.

Hatua ya 6: Kushuka

Ajali nyingi hutokea hapa, miguu ikiwa imelegea na mawazo yameshafika nyumbani. Kazeni kamba za viatu kabla ya kuanza, piga hatua fupi, magoti yakunjwe kidogo, na mwachiane hatua tatu ili anayeteleza asimkumbe wa mbele. Mkifika chini, kila mtu ataje namba yake tena. Hakuna anayeishia njiani kupanda daladala bila kumwambia wa nyuma.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Kihonda: Nakunywa maji mengi, lakini baada ya saa tatu kichwa kinauma na nasikia kichefuchefu. Ni urefu wa mlima?*

Si rahisi. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza mita 2,500 na zaidi, na Morningside iko chini sana ya hapo. Kuna mambo mawili ya kuangalia: jua, au chumvi iliyotoka kwa jasho huku unaongeza maji matupu. Kaa kivulini, lowesha shingo, kula kitu chenye chumvi, kunywa ORS kidogo kidogo. Pakiti moja ni kwa lita moja ya maji, usiigawe kwa macho. Ikikosekana: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai. Ukianza kuchanganyikiwa au kutapika mfululizo, safari imekwisha, unapelekwa hospitali.

*Mwanachama wa Mazimbu: Mama ana miaka 63 na kisukari. Aje?*

Kwanza daktari wake akubali. Kisha atembee nasi njia tambarare ya saa moja na nusu kabla ya mlima. Siku ya safari asiruke mlo wala dawa, awe na glukosi au soda yenye sukari mfukoni, si kwenye begi la mtu mwingine. Akitetemeka, kutoka jasho la baridi au kuongea ovyo, apewe sukari papo hapo. Jioni mkague nyayo zake, maana huenda hatasikia lengelenge.

*Mwanachama wa Bigwa: Nyoka akimng'ata mtu, jiwe la nyoka linasaidia?*

Halisaidii, na linapoteza muda. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba. Mwondoeni pale, avue pete na kiatu cha mguu ulioumwa, kiungo kifungwe kwa kijiti na kitambaa kisicheze, kisha abebwe asitembee. Msimwinde nyoka. Hapa ndipo ile sehemu ya pikipiki mliyoandika daftarini inapofanya kazi: mpigie dereva aanze kupanda wakati nyie mnashuka.

*Mwanachama wa Kilakala: Upupu je?*

Usijikune wala usifute kwa mkono, utausambaza. Bandika plasta yenye gundi na uibandue mara kadhaa ichukue vinyweleo, kisha osha kwa maji na sabuni ukishafika nyumbani. Nguo zikae kwenye mfuko peke yake.

*Mwanachama wa Msamvu: Masika tunasimamisha matembezi?*

Njia za juu, ndiyo, Machi hadi Mei. Vuli tunaangalia wiki kwa wiki. Upande wa mashariki, Kinole na Matombo, mvua hunyesha hata kiangazi, kwa hiyo huko koti halibaki nyumbani. Kijito kikipita magoti au maji yakibadilika kuwa matope ghafla, msivuke. Rudini mlikotoka au ngojeni mahali pa juu, mvua imenyesha huko mlimani hata kama hapo mlipo ni pakavu. Radi ikisikika ndani ya sekunde 30 baada ya umeme, shukeni kwenye kilele na mgongo wa mlima, msijifiche chini ya mti uliosimama peke yake, na msipande tena mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo.