Uvimbe kwenye ini na vidonge vya majira: anzia wapi

Umeenda kupiga ultrasaundi sababu ya tumbo, dokta anasema kuna uvimbe kwenye ini ila sio kansa, alafu anakuuliza unatumia uzazi wa mpango gani. Ukifika home unagugo weee mpaka unakutana na "vipokezi vya homoni" na unaanza kutafuta maabara ya kuvipima. Tulia, hicho sio kipimo cha kuanzia.

Cha kwanza ni jina la uvimbe. Kuna hemanjioma (hii ya mishipa ya damu, ndo inaonekana sana), kuna FNH (seli za kawaida za ini zilizojikusanya kama kinundu), kuna adenoma (seli za ini zilizoota uvimbe, sio kansa). Ultrasaundi peke yake mara nyingi haizitenganishi vizuri kwahiyo ulizia MRI ya kuchomwa dawa, na kwa huku kwetu pima na hepatitisi B kabisa, maana ini lenye virusi likiwa na uvimbe linaangaliwa kwa jicho lingine.

Ikiwa hemanjioma au FNH, kwa kawaida hulazimiki kuacha vidonge. Adenoma ndo yenye kesi, uhusiano wake na vidonge ulianza kuripotiwa Marekani 1973, enzi za vidonge vyenye dozi kubwa kuliko vya sasa.

Sasa vipokezi. Estrojeni (homoni ya kike, iko na kwenye vidonge vingi) ikiingia kwenye seli inashikana na kipokezi chake na hapo jeni zinaanza kuwashwa na kuzimwa. Kwenye kansa ya titi kipimo cha vipokezi kinaamua dawa. Kwenye adenoma walipopima wakakuta zingine zinavyo zingine hazina, na ini la kawaida nalo linavyo, kwahiyo majibu hayamwambii dokta akufanyie nini. Usijinunulie tamoksifeni (dawa ya kansa ya titi inayozuia estrojeni) duka la dawa, tafadhali! Wakikata kinyama, cha kuulizia ni hitilafu ya jeni ya beta-katenini, maana adenoma yenye hitilafu hiyo ndo inaweza kugeuka kansa na hutolewa hata ikiwa ndogo.

Ikithibitika ni adenoma, angalia pakiti yako. Ile ya vidonge 28, yani 21 vyeupe na 7 vya kahawia vya madini ya chuma, hivyo vyeupe vina etinilestradioli (estrojeni ya kutengenezwa), na WHO inaviweka kundi la 4 kwa mwenye adenoma, yani usitumie kabisa. Sindano na vijiti viko kundi la 3, yani kwa kawaida havishauriwi. Kitanzi cha shaba hakina homoni, kundi la 1, yani ruksa, na usiache vidonge ukakaa hivihivi bila mbadala ukaja kushangaa mimba. Kama uzito umezidi upunguze, unachangia kweli.

Baada ya miezi 6 unarudia MRI. Ikiwa bado inafika sm 5 au imeongezeka asilimia 20 hivi kwa upana, operesheni inazungumzwa. Mwanaume hasubirishwi, adenoma yake hutolewa hata ikiwa ndogo, na nyie wa gym mnaochoma steroidi mnahusika hapa.

Mimba haikatazwi kama adenoma iko chini ya sm 5, ila unapigwa ultrasaundi kila wiki 6 mpaka 12. Maumivu makali ya ghafla chini ya mbavu za kulia pamoja na kizunguzungu ni emajensi, inaweza kuwa inavuja damu ndani, nenda usiku huohuo na ubebe CD ya MRI.