Bastola ya upepo Tanga: ya pampu au ya gesi?

Kama unalenga karatasi kwa mita 10 na unaishi Tanga, chukua bastola ya upepo ya kupampu mara moja, kipenyo milimita 4.5. Kila pampu hutoa nguvu karibu ileile, wala husumbuki kusaka vichupa vya gesi. Ile ya kichupa cha gramu 12 huyumba na joto: ukiiacha juani au ndani ya gari, mgandamizo hupanda na valvu yaweza kugoma; ukifyatua harakaharaka, gesi hupoa na risasi huanza kupiga chini. Ya springi ni imara, ila hushtuka kabla risasi haijatoka mtutuni. Anayeanza itamtesa.

Nunua risasi laini za kichwa bapa, hutoboa tundu safi. Gololi za chuma achana nazo, hudunda zikakurudia usoni. Miwani ya kinga vaa vyovyote iwavyo.

Upepo wa bahari una chumvi: kila ukimaliza, futa chuma kwa kitambaa chenye mafuta mepesi. Mipira ya ndani inayozuia upepo usivuje, ipake mafuta ya silikoni tu. Na usiihifadhi bastola ikiwa imepampuliwa. Mpira hulegea, upepo ukavuja.

Suala la kibali kaulize polisi kabla hujalipa.