Namna ya Kuwaonjesha Wengine Riwaya Unayoisoma

Wewe uliyefika ukurasa wa 90 unamjua anayezungumza, amekosana na nani na kwa nini mlango ule haufunguliwi. Msomaji wa dondoo lako, yaani kifungu kifupi unachokinakili ili aonje riwaya, hajui lolote kati ya hayo. Ana maneno themanini tu mbele yake. Ndiyo maana kipande kilichokusisimua wewe humwacha yeye amekodoa macho. Kunakili ni kazi ndogo. Kazi yenyewe ni kuchagua na kukata.

Unapokutana na kifungu kizuri, usisimame kukinakili papo hapo, utajikatia utamu. Chomeka kipande cha karatasi kilichoandikwa neno la kwanza na la mwisho la kifungu, maana ukiweka karatasi tupu, kesho utaukodolea macho ukurasa mzima usijue ulipenda nini. Kwenye kitabu chako mwenyewe, mstari mwembamba wa penseli pembeni unatosha. Kitabu cha kuazima usikiandike, wala usiache karatasi za gundi ndani yake kwa muda mrefu, kwa sababu gundi hubaki kwenye ukurasa. Urudie vifungu hivyo ukishamaliza sura. Baadhi vitakuwa vimepoa, na hivyo viache.

Vilivyobaki visome kwa sauti, ikiwezekana mbele ya mtu asiyekijua kitabu. Akiuliza “huyu ni nani?” zaidi ya mara moja, kifungu hicho hakijitoshelezi. Vinavyojitosheleza mara nyingi ni maelezo ya mahali, majibizano mafupi ya watu wawili, mhusika anapoingia kwa mara ya kwanza, au kichekesho kinachoanza na kuisha ndani ya aya moja. Kilele cha kisa, hata kama kimekutoa machozi, hakifai, kwa sababu uzito wake umetokana na sura zote zilizokitangulia.

Jihadhari pia na sentensi zinazofanana na methali. Ndizo watu hupenda zaidi kuzinukuu, na ndizo zinazoionyesha riwaya kidogo kuliko zote. Mbaya zaidi, huenda zimetamkwa na mhusika mwongo ambaye mwandishi anamkejeli. Ukizichomoa peke yake, uongo huo unageuka imani ya mwandishi. Kama ni lazima uitumie sentensi ya namna hiyo, taja nani anaisema na katika hali gani.

Urefu unaofaa ni kati ya maneno 60 na 120. Chini ya 40 unarudi kwenye methali. Ukipita 150, wengi wanaosoma kwenye simu wataruka chini. Anza mwanzoni mwa sentensi, na umalize sentensi moja kabla ya pale unapotamani kumalizia. Msomaji akibaki na hamu, ameonja.

Kiswahili kina mtego wake hapa. Viambishi vyetu havitofautishi mwanamume na mwanamke, kwa hiyo “alimwambia atamrudishia kesho” inaweza kubeba watu watatu wasiojulikana hata mmoja. Ndani ya riwaya hakuna tatizo, kwani majina yametajwa aya mbili nyuma. Kwenye dondoo ni giza tupu. Kuna tiba mbili. Ya kwanza ni mstari mmoja wa utangulizi, kwa maneno yako, usiozidi maneno 25: “Fundi saa amekuta barua ndani ya saa ya mteja, mkewe yuko mlangoni.” Ya pili ni mabano ya mraba ndani ya nukuu: “[Mkewe] alimwambia atamrudishia kesho.” Mabano hayo yanamjulisha msomaji kwamba neno ni lako. Yakizidi mawili katika dondoo moja, tafuta kifungu kingine.

Ukiondoa maneno katikati, weka nukta tatu. Usiondoe kikanushi au neno kama “labda”, wala usiunganishe sentensi za kurasa mbili kana kwamba zilifuatana. Ikiwa dondoo limo ndani ya alama za kunukuu na wahusika wanazungumza, maneno yao yapewe alama moja moja, ‘hivi’.

Kwa kuwa bado unasoma, hujui ni jambo gani litakuja kuwa kubwa. Kisu kilichotajwa kwa kupita sura ya 3 huenda ndicho kitakachotumika sura ya 20. Njia salama ni kuchukua vifungu kutoka theluthi ya kwanza ya kitabu, hata kama wewe umeshafika mbali, na kuangalia kama kifungu kinataja ndoa, kifo, mimba au kurudi kwa mtu. Jina la sura nalo huweza kufichua kisa. Andika umefika wapi, kwa mfano “nipo sura ya 9”, ili waliokutangulia nao wasikufichulie wewe.

Wakati wa kunakili, zima usahihishaji wa simu, hasa kama simu imewekwa lugha nyingine. Ukitumia programu ya kusoma maandishi kutoka kwenye picha, kagua mambo matatu: kibainishi cha ng’ kinachopotea na kuacha “ngombe”, kistari cha mwisho wa mstari kinachobaki katikati ya neno, na aya zilizogandana. Kisha linganisha neno kwa neno na kitabu. Tahajia au lahaja ya mwandishi usiisahihishe. Na kama unasoma nakala ya awali iliyotolewa kabla ya kitabu kuchapishwa, usinukuu mpaka ulinganishe na toleo rasmi, kwa sababu sentensi bado hubadilika.

Picha ya ukurasa ni rahisi, lakini ukurasa una maneno 250 au zaidi, na jicho la msomaji halitatii mstari ulioupigia alama. Piga kwa mwanga wa dirishani unaotoka ubavuni, bila taa ya simu, kisha ikate picha ibaki aya moja. Chini yake andika maneno yenyewe, ili hata anayetumia programu ya kusomewa aweze kulipata dondoo.

Mstari wa chanzo uwe hivi: mwandishi, jina la riwaya, mfasiri kama yupo, mchapishaji na mwaka wa toleo, sura, ukurasa. Sura ni muhimu kuliko ukurasa, kwani kurasa hubadilika toleo hadi toleo na kwenye vitabu vya kielektroniki hutegemea ukubwa wa herufi. Ukitafsiri mwenyewe, sema hivyo.

Kuhusu hakimiliki, Mkataba wa kimataifa wa Berne wa mwaka 1886, katika kifungu cha 10 cha maandishi yake ya sasa, unaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa kihalali, mradi nukuu ifuate desturi ya haki, isizidi kinachohitajika kwa kusudi lake, na chanzo na jina la mwandishi vitajwe. Mipaka yenyewe huwekwa na sheria za kila nchi, na hakuna idadi ya maneno inayokulinda kila mahali. Hesabu jumla: madondoo 20 ya maneno 100 kutoka riwaya moja ni maneno 2,000, na hapo umeanza kuigawa riwaya yenyewe. Matatu au manne kwa kitabu kimoja yanatosha. Shairi au wimbo ulionukuliwa ndani ya riwaya huenda una mwenyewe mwingine, na ukilinakili shairi fupi lote, umechukua kazi nzima. Tafsiri nayo ina hakimiliki yake, hata pale ambapo ya kitabu cha asili imekwisha.

Ukigundua kosa baada ya kutuma, rekebisha maandishi, na kama maana ilibadilika liseme kosa lenyewe mstari wa chini, kwa sababu watakuwepo waliokwisha kulinakili dondoo lilivyokuwa.